Kreti za Phineas

Hebu nikuulize, mwenzangu, na unijibu kwa moyo, usinijibu kwa haya: umewahi kumsema vibaya mtu unayempenda, ukamsema leo, ukamsema kesho, mpaka masikio yako mwenyewe yakakuamini?

Basi Linda, mtoto wa Mzee Munga wa Bofu, alikuwa ameshafika huko. Jumamosi hiyo asubuhi alikaa juu ya mbuzi nyuma ya nyumba, akikuna nazi ya wali wa wageni, na kila alipozungusha kifuu alimtoa Phineas ila. Anacheka kwa kelele. Akila ugali ni kama anashindana na mtu. Hawezi kukaa barazani akatulia, lazima mguu umchezecheze. Na Kiswahili chake kile cha kukwaruza! Mwaka jana, mambo haya yalipoanza, ila ilikuwa moja tu, ya kicheko. Sasa zilikuwa zimejaa kapu, na bado akiongeza.

Na kicheko hicho hicho ndicho kilichomgeuza shingo siku ya kwanza, kwaya yao ilipokwenda kuimba Magongo. Alisikia mtu amecheka nyuma ya ukumbi, kicheko cha kifua kizima, akageuka, macho yakakutana, akasahau ubeti mbele ya watu wote. Lakini hilo hakulikumbuka tena, au alikuwa amejizuia kulikumbuka. Aliacha kula omena, dagaa wa kwao Phineas, akasema zinanuka. Akaacha kwaya, akasema sauti imekuwa nzito. Chai yake tu ndiyo aliyoendelea kuitia tangawizi mbichi ya kupondwa, si ya unga, kama Phineas alivyomzoesha. Ukimwuliza, angekwambia ni dawa ya kifua. Na kifua chake kilikuwa kizima, hata kukohoa hakohoi.

"Linda we!" mama yake aliita kutoka jikoni.

"Abee mama!"

"Tui la kwanza usilichanganye na la pili. Watu wa Kadenge si watu wa kulishwa maji."

Kadenge ndiye aliyekuwa akija na wazee wake siku hiyo kuposa. Alikuwa na duka la misumari na mabati kule Ziwa la Ng'ombe, Mgiriama kama wao, mpole, shati limepigwa pasi hadi kwenye vifungo, mtu wa kuamkia hata watoto wa njiani. Hakuwa na ila. Linda alimtafuta ila akakosa, na jambo hilo lilimtia unyonge asioweza kuueleza. Kadenge akiwapo, hana la kumsema, akishaondoka, hamkumbuki.

Jikoni, lile la makuti lililo kando ya nyumba, mtungi wa manjano ulikuwa umesimama karibu na mafiga, mdomo umezibwa kwa kitambaa, povu likichungulia. Ulikuwa mnazi mtamu, pombe ya kugema, umetoka Kaloleni alfajiri. Kwa desturi, mnazi wa posa huja na wageni wenyewe. Lakini Mama Linda safari hii hakutaka kubahatisha. Aliagiza wake wa akiba, ule wa wageni usije ukaisha mapema wazee wakaanza kunung'unika. Aliuagiza yeye, kiongozi wa akina mama kanisani, ambaye kila mwezi husimama mbele na kitambaa chake cheupe kichwani, akawaambia wenzake kwamba kwake pombe haijui hata mlango.

"Haujaingia nyumbani," alijisemea, akiufunika mtungi kwa leso. "Jikoni ni nje. Na mimi siugusi."

Alikuwa ameugusa kidogo. Alitia ncha ya kidole kuona kama haujachacha, akaonja, akatema majivuni, maana kuonja si kunywa.

Ndipo pikapu iliposimama njiani.

"Hodi wenyewe!"

Kifuu kilimponyoka Linda. Sauti ile angeitambua hata sokoni siku ya sikukuu.

Mama Linda alitoka akipangusa mikono kwa kanga, uso umeshatengenezwa kwa tabasamu la kupokea wageni. "Karibuni, karib..." Neno likakatikia mdomoni.

Phineas alikuwa amesimama penye lango la mabati, na shati lake la kazi, lile la yadi ya makontena anakoendesha foklifti. Alikuwa amekonda. Ukosi ulimsimama mbali na shingo. Nyuma yake Dancun, rafiki yake, alibaki ndani ya pikapu akijifanya anashughulika na redio.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna ubaya, mama. Nimefuata kreti."

"Kreti gani?"

"Zile za soda. Ni za duka la dada yangu, Achieng. Anazihitaji."

Hapo lazima nikurudishe nyuma kidogo, uzijue kreti hizo.

Phineas alipokuja mara ya kwanza kujitambulisha, mama mwenyewe alimkalisha kwenye kochi, akamwambia kwa upole: "Mwanangu, sisi ni watu tuliookoka. Nyumba hii pombe haiingii. Ukija na wazee wako, njoo na mikono safi." Phineas alilishika neno hilo kama lilivyo. Siku ya kuja, mjomba wake Gershom akiwa ametoka kwao Ahero, Ujaluoni, kwa basi, suti imekunjamana mgongoni, walishusha kreti za soda, wakazipanga sebuleni: nyeusi, nyekundu, na zile za kijani ambazo Linda alizipenda.

Wazee walizitazama soda zile. Kisha baba mkubwa Chengo, kaka wa Mzee Munga, akajipiga paja. "Ala! Kumbe ni sherehe ya watoto wa skuli! Keki iko wapi sasa?" Sebule nzima ikacheka. Chengo akageuka kumtazama Mama Linda, kama mtu anayengoja aelezwe. Neno moja tu la mama lingemaliza mambo: mimi ndiye niliyewakataza. Mama Linda aliinama akavuta uzi uliochomoza kwenye kitambaa cha meza, akauvuta, akauvuta.

Hata hivyo Mzee Munga, ambaye si mtu wa maneno, alisema, "Kinywaji ni kinywaji. Mwiteni mtoto." Maana desturi ni hiyo: kilicholetwa hakinywewi mpaka msichana aitwe, apewe mkononi, aulizwe kama anawajua wageni. Akionja akampa baba yake, basi amekubali. Akikiweka chini, wageni wataondoka nacho. Linda aliitwa, akapewa chupa ya kijani iliyofunguliwa, akaulizwa. Akamtazama mama yake. Mama akawa bado na uzi wake. Linda akasema, "Mtakavyoona wazee," akaiweka ile chupa chini.

Watu wa Phineas hawakujua kwamba walitakiwa wazibebe soda zao. Waliondoka wakiziacha. Mama Linda akaapa kwamba kitu cha mtu aliyekataliwa hakitanyweka kwake, akazisukuma chini ya kitanda. Zikakaa huko mpaka Krismasi, akina mama wa kanisa walipomjia wamechoka kwa joto, naye akasema ni dhambi kutupa kitu cha Mungu. Walizimaliza wakiimba. Linda peke yake hakuonja. Alisema zina gesi.

Na tangu siku hiyo ya posa, mama na mwana kila mmoja alianza kutengeneza maneno yake. Mama akasema yule kijana alidharau mila, akalisema mpaka likawa kweli kwake. Linda naye, kwa kuwa mkono wake ndio ulioiweka chupa chini, ilibidi autafutie mkono huo sababu. Ndipo akaanza na kicheko.

Sasa Phineas alikuwa amesimama karibu na jiko, na upepo ukaleta harufu. Akaitazama leso, akautazama mtungi uliojitokeza kiuno chini ya leso.

"Mama, naomba kuuliza kitu, si kwa ubaya."

"Uliza."

"Huu si mnazi?"

"Ni vitu vya wazee."

"Uliniambia pombe haiingii kwenye nyumba hii."

"Na haijaingia. Kwani hapo ni ndani?"

Phineas aliyatazama makuti ya jiko, akautazama mlango wa nyumba. "Mimi nilikuamini, mama. Mjomba Gershom alitaka tulete mnazi. Hata Dancun aliniambia, watu wa huku wana desturi zao, uliza tena. Nikakataa. Nikabishana nao njia nzima. Nikawaambia mama amesema, na mama hawezi kusema kitu asichokitaka."

"Ungewauliza wazee."

"Nilikuuliza wewe."

"Yako maneno unaambiwa, Phineas, na yako ambayo mtu mzima unajiongeza mwenyewe." Sauti ya mama ilikuwa imepanda. Akaishusha, akalainika. "Na usije ukafikiri ni mambo ya kabila. Mimi sina ubaguzi, Mungu ananiona. Mchungaji wetu mwenyewe ni mtu wa bara, na anakula kwenye sahani zangu za kabatini."

"Sikutaka sahani, mama. Nilitaka Linda."

 Mama Linda akaivuta leso, akaufunika mtungi vizuri zaidi, mpaka chini. "Linda! Mwonyeshe kreti zake aende. Wageni wako njiani."

Kreti zilikuwa zimepangwa kando ya tangi la maji, chupa tupu zimeingia vumbi na utando wa buibui. Linda alikwenda mbele, mikono imejaa machicha ya nazi, hajui aiweke wapi. Alikuwa amevaa dera kuukuu la kazi, na nywele zimefungwa kwa plastiki zisiharibike kabla wageni hawajafika. Alitamani ardhi imfiche. Kisha akajikasirikia: afichwe kwa ajili ya nani?

"Ungemtuma Dancun peke yake," alisema.

"Ningeweza."

"Basi umekuja kufanya nini?"

"Kuchukua kreti."

"Mwongo."

"Haya, mwongo." Phineas aliinama akapuliza vumbi kwenye chupa. "Na wewe mbona unatetemeka?"

"Nimekuna nazi tangu asubuhi. Ukune wewe uone."

Walitazamana. Yale macho, mwenzangu! Yalikuwa yale yale ya Magongo, ila yamezungukwa na uchovu. Linda akayakimbia, akatazama bomba la tangi linalodondoka.

"Valarie wa kwaya ameniambia unavyonisema," Phineas akasema. "Eti nacheka kama pikipiki mbovu."

"Nilisema. Kwani uongo?"

"Zamani uliniambia nisiache kucheka hata nikizeeka, hata nikiwa sina jino."

"Zamani nilikuwa mjinga."

"Sawa." Aliinua kreti ya kwanza, akaiweka tena. "Linda, mama yako nimemsamehe. Hata mzee Chengo na keki yake nimemsamehe. Wewe nimeshindwa, kwa sababu sijui nikusamehe kitu gani. Hebu niambie ukweli. Ulinikataa kwa sababu hukunipenda? Ama umeacha kunipenda kwa sababu ulikuwa umeshanikataa?"

Linda alihisi kama mtu aliyeshikwa kiganja akafunuliwa vidole kimoja kimoja.

"Ulidharau mila zetu," alijibu haraka.

"Hilo ni la mama yako. Nipe lako."

"Hujui kutulia. Ule mguu wako..."

"Utazame."

Aliutazama. Kiatu chake cha kazi kilikuwa kimetulia juu ya mchanga kama kimepigiliwa msumari.

"Huna subira," alisema Linda, na sauti ilianza kumkatika. "Watu wa kwenu hamna subira. Ungerudi. Mtu akikataliwa anatuma wazee tena, anarudi. Wewe ulikaa huko Magongo na hasira zako!"

"Nilipiga simu."

"Sikushika."

"Nilikuja kanisani, ukahama benchi."

"Nilihama kwa sababu ya feni!"

 Ndani, mama alikuwa akigongagonga sufuria zisizohitaji kugongwa. Phineas alitikisa kichwa polepole, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo midomo yake ikataka kucheka, ikashindwa. Linda alikingoja kicheko kile. Mwili wake wote ulikingoja, shingo, mabega, kama siku ile ukumbini. Hakikuja. Akajua kwamba alikuwa amekisema vibaya mpaka kimekufa.

Phineas alizibeba kreti, mbili mbili, akizipeleka kwenye pikapu na kurudi. Kila alipopita, chupa zililia ndani ya vyumba vyao. Linda akasimama pale pale. Ilipobaki ya mwisho, ndipo akauliza, kama anayeuliza habari za mvua:

"Achieng anazitaka za nini?"

 Phineas alijipangusa jasho kwa mkono wa shati.

"Jumamosi ijayo tunapeleka soda Mikindani. Kwa kina Wanjiru."

"Wanjiru gani?"

"Yuko ofisini pale yadi. Anatukatia risiti za magari."

"Unampenda?"

"Ni mtu mzuri," alisema Phineas. "Sina la kumsema vibaya."

Loo! Maneno hayo Linda aliyajua. Alikuwa ameyasema mwenyewe juu ya Kadenge, kwa sauti hiyo hiyo isiyo na chumvi.

"Nilikuja nione kama kuna neno," Phineas akaendelea, akiwa ameshika kreti ya mwisho kifuani. "Si lazima liwe refu. Moja tu. Ningezirudisha zote hapo zilipokuwa, na Achieng angenielewa."

Neno lilipanda. Wallahi lilipanda hadi kooni, likagonga meno. Na papo hapo likaja kundi la maneno mengine kulizuia: wageni wako njiani, mama ataaibika, nazi bado haijakamuliwa, mtu umemsema mwaka mzima leo utasemaje? Ukimtaka sasa, basi mwaka mzima ulikuwa unafanya nini?

"Chupa zisije zikavunjika njiani," ndilo lililomtoka.

"Hazitavunjika. Tunapitia Dongo Kundu, barabara ni nzuri."

"Haya."

"Haya, Linda. Niagie mama."

Pikapu ikawaka. Dancun alipunga mkono bila kumtazama. Linda alibaki akiitazama alama ya kreti chini, mchanga mkavu wa mraba kando ya mchanga uliolowa na tangi, mpaka mama yake alipotoka mlangoni.

"Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Afadhali. Umeona alivyo? Kuja kwa mtu bila taarifa, na shati la kazi! Mimi nilijua tangu mwanzo." Mama alimtazama usoni, akageuza macho upesi. "Kaoge. Uso umeuvimbisha na moshi."

Jiko lilikuwa halijawashwa.

Alasiri watu wa Kadenge walikuja, wakaamkiana na wenyeji kwa mapana na marefu, habari za njia, habari za joto, habari za mgonjwa wa fulani. Wakaweka mtungi wao katikati ya sebule, na wa Mama Linda ukaletwa ukawekwa kando yake. Ukaingia kupitia mlango wa nyuma, na mama alikaa akiutazama ukuta. Baba mkubwa Chengo alikuwa amechangamka.

"Hapa sasa tuko kwa watu wazima!" alisema, akisugua viganja. "Wallahi nilidhani nitakufa bila kuona posa ya maana nyumbani kwa ndugu yangu. Mwiteni mtoto. Linda!"

"Abee baba mkubwa."

Aliingia na leso mpya, amepakwa wanja, akapiga magoti kwenye mkeka. Chengo alichota mnazi kwa kata ya kifuu, akampa kwa mikono miwili. Povu lilimgusa kidole gumba. Kadenge alikuwa amekaa wima kwenye ukingo wa kiti, mikono juu ya magoti, akimtazama kwa heshima na hofu kidogo, na Linda akamhurumia.

"Wawajua hawa wageni?" aliuliza Chengo. "Tunywe, au wabebe mnazi wao warudi nao?"

Linda alimtafuta mama yake kwa macho. Mama alikuwa ameinama. Vidole vyake vilikuwa vimeupata ule uzi wa kitambaa cha meza, mrefu sasa, na alikuwa akiuvuta.

Linda akaiweka kata chini.

"Nisamehe, Kadenge," alisema. "Huna kosa lolote."

"Weee!" alifoka Chengo. "Nini tena?"

Mama aliruka. "Ni joto! Hajala tangu asubuhi huyu, jikoni moshi mtupu..."

"Sina joto, mama. Na moto hukuwasha mpaka saa sita."

"Linda!"

"Mwacheni," alisema Mzee Munga. Alikuwa amekaa penye kona yake, na hakuinua sauti. "Mwacheni aseme."

Linda alipumua. Mashavu yalikuwa yameshalowa na wanja umeanza kumchirizika, lakini sauti ilimtoka nzima, ile ya kwaya, ambayo alikuwa amewaambia watu kwamba imekuwa nzito.

"Siku ile ya soda mlinipa chupa mkononi mkaniuliza, nami nikasema mtakavyoona wazee. Sikutaka kusema hivyo. Amekwisha kwenda, baba, na hatarudi, najua. Lakini nilitaka kuinywa ile soda. Nilitaka niinywe mbele yenu wote, nikupe wewe mkononi, niseme huyu namjua, na namtaka yeye, na kicheko chake nakitaka, kunyweni."